Usiku umejaa, mchana ni wetu

Jumapili usiku, mwishoni mwa Aprili

Ramani imetandazwa juu ya meza ya chakula tangu Ijumaa, na leo tumekula wali tukiwa tumepakata sahani. Hakuna kati yetu anayetaka kuikunja. Baba Salma ameizungushia Paris kalamu nyekundu. Mimi nimeizungushia penseli Forges-les-Eaux, mji mdogo wa Ufaransa ulio njiani kabla ya Paris. Wiki nzima hii tumekuwa tukizungumza umbali ulio kati ya alama hizo mbili.

Sisi tunakaa Brighton. Kutoka mlangoni kwetu hadi bandari ya Newhaven ni mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli, bila haraka. Pale unapanga foleni pamoja na magari, unaingia tumboni mwa meli, unafunga baiskeli yako kwa kamba ukutani, unapanda juu. Saa nne baadaye uko Dieppe, Ufaransa. Miaka kumi na moja nimeishi karibu na meli hiyo na sijawahi kuipanda. Nimekuwa nikiisikia honi yake tu, siku zile zamu inaponipeleka upande huo.

Njia anayoitaka Baba Salma inaitwa Avenue Verte, yaani barabara ya kijani. Ilizinduliwa mwaka 2012 kuunganisha London na Paris kwa baiskeli. Yeye anasema kama tumeshavuka bahari, tumalizie. Ninamwelewa. Lakini goti lake la kulia ninalijua kuliko yeye anavyolikubali, na likizo yangu ni siku tano. Paris kwa siku tano maana yake ni kuamka, kukanyaga pedeli, kulala, na kesho yake hivyo hivyo. Siendi kushindana na mtu.

Kipande ninachokitaka ni kile cha mwanzo tu. Ukitoka Dieppe, baada ya kilomita kama saba unafika Arques-la-Bataille, na hapo inaanza njia iliyotandazwa juu ya reli ya zamani, ile iliyokuwa ikipeleka abiria wa meli Paris. Mataruma yameng'olewa, lami imewekwa, magari hayaruhusiwi. Inafuata bonde la mto Béthune kwa kilomita kama 45 hadi Forges-les-Eaux. Uzuri wa njia ya reli ni kwamba treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo waliochonga njia miaka ile walishamaliza kazi ambayo miguu yetu ingeifanya leo. Unapanda, lakini unapanda kidogo kidogo hata hujui. Siku ya kurudi ndipo utagundua kwamba kumbe ulikuwa unapanda, kwa sababu baiskeli inakwenda yenyewe. Stesheni ndogo bado zipo njiani, na zile nyumba za walinzi wa geti, kila mahali barabara ilipokatiza reli.

Jumatano jioni

Leo faili letu la viza limerudishwa.

Nieleze vizuri. Pasipoti zetu ni za Tanzania. Kibali cha kuishi Uingereza hakikufikishi Ufaransa. Lazima uombe viza ya Schengen, hata kama unakwenda kununua mkate tu na kurudi na meli ya jioni. Euro 90 kila mtu. Barua ya kazini, taarifa za benki, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, tiketi ya kwenda na kurudi, alama za vidole. Vyote tulikuwa navyo, nimevipanga kwa vibandiko vya rangi kama ninavyopanga mafaili ya wodini.

Kosa letu lilikuwa usiku mmoja. Nilikuwa nimeacha Jumapili wazi. Niliiacha makusudi. Niliwaza tutarudi kutoka Forges taratibu, na pale goti litakaposema basi, au pale tutakapoona kijiji kimetupendeza, ndipo tutakapoulizia chumba. Yule kijana wa dirishani alikuwa na adabu kabisa. Aliweka kidole kwenye ile nafasi tupu akaniuliza, "Na huu usiku mnalala wapi?" Nikamjibu kwamba hatujui bado, ndiyo maana ya safari yenyewe. Akatikisa kichwa, akanirudishia karatasi.

Nimetoka pale nikiwa na uchungu ambao bado sijaumaliza. Wenzangu kazini wanakwenda huko Ijumaa wakirudi Jumatatu, wanaamua wakiwa tayari ndani ya meli. Mwendo wa polepole wanauona ni jambo la mtu kupenda tu. Kwetu sisi ni kitu cha kuombea kibali, na kibali kinataka kujua kila mto utakaolazia kichwa.

Njiani kwenye treni Baba Salma hakusema kitu mpaka tulipopita Gatwick. Kisha akasema, "Mama Salma, wao wanataka usiku. Tuwape usiku. Mchana hawajauliza."

Nimelifikiria neno hilo tangu saa ile. Na jioni hii amechukua kifutio mwenyewe akajaribu kuifuta ile duara ya Paris. Kalamu haifutiki, lakini nimeona.

Alhamisi

Kwa hiyo mpango mpya ni huu. Kila usiku una kitanda chake, na umbali kati ya kitanda na kitanda ni mfupi kiasi kwamba mchana mzima unabaki mtupu. Hapo ndipo nafasi yetu ilipo.

Siku ya kwanza, Alhamisi, ni meli tu. Tunalala Dieppe, tunaangalia bahari ya upande wa pili, kokoto zile zile kama za kwetu Brighton na majabali yale yale meupe ya chaki. Nataka kupanda kwenye ngome, ambamo sasa ni makumbusho, kuona pembe za ndovu. Mafundi wa Dieppe walichonga pembe kwa karne kadhaa, pembe zilizoletwa na mabaharia wao kutoka Afrika Magharibi. Mtu aliyekulia pwani yetu, ambako watu walizibeba pembe hizo mabegani hadi Bagamoyo na Pangani, hawezi kupita mlango ule bila kuingia.

Ijumaa, Dieppe hadi Neufchâtel-en-Bray, kilomita kama 35. Hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote, na nimeiweka mapema goti likiwa bado jipya.

Jumamosi asubuhi kuna soko Neufchâtel. Jibini la huko linafinyangwa kwa umbo la moyo, lina ngozi nyeupe kama limenyunyiziwa unga. Wenyewe wanasimulia kwamba wasichana wa huko walianza kulitengeneza hivyo wakati wa Vita vya Miaka Mia, wakiwapa askari wa Kiingereza. Sijali kama ni kweli. Baada ya soko, kilomita kama 17 tu hadi Forges, mji wa chemchemi ambazo mfalme Louis XIII na mkewe walikwenda kunywa maji yake katika karne ya 17.

Jumapili tunaanza kurudi, nusu ya njia, na Jumatatu Dieppe na meli. Hapa mtu asiyejua anaweza kushinda na njaa: Jumapili mchana maduka ya vijijini yanafungwa, na mengi hayafunguliwi hadi Jumanne. Mkate ununuliwe Jumapili asubuhi, Forges, pamoja na jibini na matunda. Nimeandika hilo kwa herufi kubwa.

Tutakwenda wiki ya pili ya Juni. Wakati huo huko jua linazama karibu na saa nne usiku, kwa hiyo Magharibi tutaisali tukiwa tumeshafika na kuoga. Mchana unakuwa mrefu kuliko njia yenyewe.

Jumamosi

Leo tumefanya majaribio na mizigo. Mifuko miwili kwenye keria, kilo sita kila mmoja, hadi Newhaven na kurudi. Kufika Rottingdean tairi la nyuma la Baba Salma likaanza kulegea. Nikawa naona ukingo wa chuma ukigonga lami kila akizunguka.

Tumekaa kwenye nyasi. Kibao cha kutolea tairi, tyubu nje, pampu. Hatukuwa na beseni, kwa hiyo nimeishika tyubu karibu na shavu na kuipitisha polepole, nikitafuta upepo kwa ngozi. Nimeupata pembeni ya vali, baridi, mwembamba kama pumzi ya mtoto aliyelala. Nimekwaruza kwa msasa, nimepaka solusheni, nimesubiri ikauke mpaka isishike kidole, ndipo nikabandika kiraka. Baba Salma alitaka kubandika mapema. Nimemshika mkono.

Kusubiri huko nimefundishwa na fundi wa barabara ya 12, Ngamiani, aliyekuwa akikaa chini ya mkungu na beseni lake la maji meusi. Tanga ni mji wa baiskeli; kila aliyepita pale anajua. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi, na Phoenix ile ilitusomesha. Ilibeba madumu ya maji, magunia, wagonjwa, na mimi nimekaa kwenye bomba la mbele nikishika kengele. Sikumbuki hata siku moja Baba akiipanda bila kuwa na mahali pa kufika.

Jumapili usiku

Nimempigia Mama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo baiskeli mnakwenda nayo wapi?"

"Hatuna mahali Mama. Tunakwenda tu, tunarudi."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Baba yako angefurahi." Sikuwa nimelitegemea.

Hapo nikamwambia jambo nililoligundua juzi kwenye ramani, wakati natafuta bomba la maji Arques. Kuna alama ndogo ya makaburi kando ya kijiji. Nimesoma habari zake. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza palikuwa na hospitali ya vibarua wa jeshi, na zaidi ya 250 kati ya waliozikwa pale ni Waafrika, wanaume weusi kutoka Afrika Kusini walioletwa Ufaransa kukata miti na kupakua meli. Hawakupewa bunduki. Wengi waliuawa na ugonjwa wa mapafu na baridi. Wenzao zaidi ya 600 hawakufika kabisa. Walizama na meli ya Mendi karibu na kisiwa cha Wight, Februari 1917, bahari hii hii tutakayoivuka. Waliolala Arques wana mawe yao, majina yamechongwa, nyasi zinakatwa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Babu yake, baba wa mama yake, alichukuliwa Muheza kwenda kubeba mizigo ya jeshi vita hivyo hivyo. Nyumbani tunajua aliondoka na nguo gani, kwa sababu bibi alikuwa akiisimulia. Alikofia hatujui. Pale Dar es Salaam, kwenye sanamu ya Askari, wapagazi wametajwa kwa pamoja kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mmoja mmoja halipo.

"Mkifika hapo," Mama akasema, "msipite tu. Mshuke. Waombeeni hao, na babu mumtaje kwa jina lake, kwa sauti."

Nimeuliza jina lake lote, na jina la baba yake. Mama ameyasema mara mbili na mimi nimeyaandika nyuma ya ramani.

Baba Salma amelala. Faili jipya liko mlangoni, usiku zote nne zimejazwa, miadi ni Jumanne saa tatu asubuhi. Nimerudi kwenye ukurasa wa Ijumaa na kusogeza mbele saa ya kutoka Dieppe. Nimeandika kwa penseli: Arques, saa mbili na nusu. Safu ya saa ya kuondoka nimeiacha tupu.