Vifundo saba, kutoka Tabora mpaka Kigoma

Desemba iliyopita nilisafiri na wanangu watatu kwa treni kutoka Tabora mpaka Kigoma, na mtu mzima nilikuwa peke yangu. Baba Kulwa alibaki shambani, kwa sababu mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na miche ya tumbaku haimngoji mtu. Pacha wangu, Kulwa na Doto, walikuwa na miaka mitano na kitu. Shija, aliyewafuata kama jina lake linavyosema, alikuwa na miwili. Wifi yangu ameolewa Ujiji, na miaka mitatu mfululizo alikuwa ananiuliza kwenye simu, "Mama Kulwa, watoto wa kaka yangu nitawaona lini?" Mwaka huo nikasema basi, tunakwenda.

Majirani walinionea huruma kabla sijaondoka. Watatu, peke yako, usiku kucha? Lakini mimi sikuiogopa treni. Niliogopa swali moja: "Mama, tumefika?" Tulishawahi kwenda Nzega kwa basi, na Doto aliuliza hilo tangu tunatoka stendi hadi tunashuka, mpaka abiria wa mbele akageuka kututazama. Sasa Tabora na Kigoma ni kama kilomita 400. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia zimebaki saa nane, hujamwambia kitu. Saa haioni. Kituo anakiona: treni inasimama, watu wanashuka na vifurushi, mama anapita dirishani na sinia la karanga.

Kwa hiyo nikachukua uzi wa katani, ule ule ambao baba yao anatungia majani ya tumbaku, nikakata vipande viwili, kila kimoja nikakipiga vifundo saba. Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, Kigoma. Vituo ni vingi kuliko hivyo, ila saba vinamtosha mtoto. Nilivifunga vilegevu ili vidole vidogo viweze kufungua. Mwanzo nilitengeneza uzi mmoja wa wote wawili, na ugomvi uliozuka jikoni ulinifunza mapema: pacha usiwape kitu kimoja washirikiane, kila mtu awe na chake.

Wiki nzima walikuwa wanavitaja vituo wakioga, wakila, wakifukuza kuku. Kulwa akataka kujua nani aliitandika reli mpaka huko. Nikamwambia Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na kwamba kabla ya hapo babu zetu Wanyamwezi waliikata njia hiyo kwa miguu, wapagazi na mizigo yao begani, kutoka pwani mpaka Tabora na wengine kuendelea hadi Ujiji. Doto akauliza, "Na watoto wao?" Nikamwambia kweli wapo wapagazi waliosafiri na wake zao na watoto wao. Akaitazama miguu yake muda mrefu, kisha akauliza kama walikuwa na viatu.

Upande wa mizigo nitasema kilichonisaidia, kwa sababu ndicho ninachoulizwa sana. Begi moja la nguo lilikaa chini ya kitanda na sikulifungua njiani. Mkoba wa pili ndio uliokuwa maisha yetu: chupa ya chai yenye uji wa ulezi wa Shija, kidumu cha maji yaliyochemshwa, sabuni, khanga tatu, nguo moja ya kubadili ya kila mtoto, pakiti za ORS, na matobolwa. Matobolwa nayasifu bila aibu. Kipande kimoja cha kiazi kilichochemshwa kikakaushwa vizuri kinamshughulisha mtoto nusu saa, hakimwagiki, hakiozi, wala hakimharishi. Poti ya Shija niliifunga kwenye mfuko nikaiweka juu ya vitu vyote, maana choo cha treni inayotikisika si mahali pa mtoto wa miaka miwili. Na kwenye mkono wa kila mmoja niliandika namba yangu ya simu kwa kalamu ya wino, nikaipitia tena asubuhi.

Tulilala kwenye chumba cha wanawake, vitanda sita. Alikuwamo bibi mmoja anayerudi Ujiji, na dada wawili wa Kasulu. Nilipowaambia wanangu wamwamkie bibi, "Shikamoo" zilitoka tatu, ya Shija ikiwa ya mwisho na nusu yake tu. Bibi akaitikia marahaba mara tatu, moja kwa kila mtoto, na nikajua usiku huo sitakuwa peke yangu tena.

Urambo tulifika watoto wakiwa macho. Nikawasogeza dirishani, wakafungua kifundo cha kwanza kwa pamoja, Doto akitoa ulimi nje kwa bidii. Kisha usingizi ukawachukua. Kaliua ilikuwa usiku wa manane. Kulwa aliamshwa na breki, akatambua ndipo, akafungua kifundo chake. Halafu, kwa roho nzuri kabisa, akachukua uzi uliokuwa mkononi mwa dada yake akamfungulia na chake. Nilimwona. Nilikuwa nimechoka, Shija yuko kifuani, nikaacha.

Alfajiri Doto aliamka, akaanza kuhesabu. Kaliua ndicho kituo alichokuwa akikisubiri kuliko vyote, kwa kuwa nilimwambia hapo reli inagawanyika, nyingine inakwenda Mpanda, na yeye alitaka aone inagawanyikaje. Akasema, "Usinge nimelala, lakini kipo. Kaliua yangu iko wapi?" Kulwa akajibu kwa furaha kwamba amemsaidia. Doto hakupiga kelele. Aliushika ule uzi, akaupapasa pale palipokuwa na kifundo, pamebaki mkunjo tu, na machozi yakaanza kushuka. Mimi nikasema neno ambalo sikupaswa kusema: "Ni uzi tu, mwanangu." Hapo ndipo kilio kilipotoka.

Bibi wa Ujiji alishuka kitandani taratibu, akaketi karibu yake. "Mjukuu wangu, kwani wewe Kaliua umepaona?" Doto akatikisa kichwa. "Basi hujapapita. Aliyelala hajapita mahali. Kifunge tena, kitakungoja ukirudi." Doto akaninyooshea uzi. Nilikifunga pale pale kwenye mkunjo, na cha Usinge tukakiacha kama kilivyo, wote wawili. Kulwa naye nilimweleza, bila ukali, kwamba kifundo cha mwenzio hukifungui hata kama unamsaidia. Alielewa upesi kuliko nilivyotegemea.

Nguruka tukafungua. Malagarasi tukafungua, mto umejaa, Shija anaupungia mkono. Uvinza, kwenye chumvi, bibi akawaambia chumvi ya pale inatoka kwenye maji ya chemchemi ardhini, si baharini, na watoto wakalamba viganja vyao kuhakikisha. Kigoma wakashuka na nyuzi mkononi.

Stesheni wifi alitupokea kwa "Mwakeye!" na watoto wakamjibu "Mwangaluka!" kama walivyozoea nyumbani. Kiha na Kinyamwezi vikapishana juu ya vichwa vyao, watu wakacheka, na mpaka leo Kulwa akimpigia shangazi yake simu huanza na mwakeye.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilitaka kuwaonyesha kila kitu: asubuhi Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana pale mwaka 1871, mchana bandarini, jioni kuogelea. Kwenye miembe ya Ujiji watoto walikaa vizuri kwa dakika ishirini, wakauliza kama zile embe zinaliwa. Mchana Shija alikuwa amelala juu ya bega langu amelowa jasho, na pacha wanagombana kwa sababu ya kivuli. Kuogelea hatukwenda. Tangu siku hiyo nilipanga jambo moja kwa siku, asubuhi, na baada ya chakula ni kulala, hata mimi.

Bandarini lakini palilipa. Mume wa wifi aliwasimulia habari za MV Liemba, meli ya zamani ya ziwa hilo: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isichukuliwe na adui, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Hayo ya vita yaliwapita. Kulwa alishika moja tu, akanigeukia macho yamemtoka: "Mama, kumbe na meli ilipanda treni!" Akataka kujua kama nayo ilisimama Kaliua. Nikamwambia njia ni ile ile, lazima ilipita.

Kuogelea tulikwenda siku ya tatu. Wanangu maji makubwa wanayoyajua ni bwawa la Igombe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 palipo kirefu zaidi, na sehemu nyingine hatua chache tu kutoka ufukweni chini panashuka ghafla. Wifi alichagua ufuko wa mchanga wenye mawimbi, akatukataza kabisa maji yaliyotulia yenye majani, kwa kuwa ndiko konokono wa kichocho wanakokaa. Sheria ilikuwa maji yasivuke magoti, na mtu mzima mmoja awe upande wa ziwa, si upande wa nchi kavu. Doto aliyaonja, akatangaza kwamba hayana chumvi.

Usiku huo tukatoka tena mpaka ufukweni. Hakukuwa na mwezi, na giza ndilo wavuvi wa dagaa wanalolitaka, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa hupumzika. Taa zilikuwa zimejipanga juu ya maji, nyingi, mbali. Kulwa akanivuta khanga. "Mama, kile ni kituo gani?"

Kesho yake tukaenda Kibirizi kuona dagaa wale wale wakianikwa. Walikuwa wametandazwa, wengine kwenye chanja, wengine mchangani, wanang'aa mpaka macho yanauma. Mara wingu likatokea upande wa milima ya Kongo. Sijawahi kuona watu wakikimbia vile bila kelele. Mama mmoja aliwaona wanangu wamesimama, akawapa beseni bila hata kuuliza ni wa nani. Kulwa na Doto wakaanza kukusanya kwa viganja, nami na wifi tukakunja turubai, Shija mgongoni mwangu kwenye mbeleko anachungulia. Matone ya kwanza yalidondoka tukiwa tumebakiza upande mmoja. Dagaa akilowa akiwa nusu mkavu anaharibika, na kazi ya usiku mzima imekwenda. Mvua ilipopita yule mama aliwapa pacha konzi moja moja kwenye karatasi. "Huu ni mshahara," akawaambia. Jioni wifi aliwapika kwa mawese, na Doto, ambaye nyumbani samaki humtoa kwa kijiko hadi pembeni ya sahani, alikula mpaka akaomba wa kaka yake. Alikuwa anakula mshahara wake.

Tulikaa siku kumi. Usiku wa kurudi, kabla hajapanda kitanda, Doto aliniwekea uzi kiganjani akakifunga kiganja changu. "Mama, usilale. Ukilala, Kaliua itapita tena." Nilimwahidi. Uvinza niko macho, Malagarasi niko macho, dada mmoja akanimiminia chai ya tangawizi. Usinge niliwaamsha wote wawili, wakafungua, Kulwa akaanguka tena usingizini uzi ukiwa mdomoni. Doto hakulala. Alikaa amejifunika khanga, paji la uso limegusa kioo.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka treni ilipopunguza mwendo. Nikamwambia, "Tazama kule." Reli ya Mpanda ilitokea pembeni, ikasogea karibu yetu mpaka zikawa pamoja. Alitazama hadi behewa likasimama kabisa. Ndipo akafungua kiganja changu, akachukua uzi, na kukitafuta kile kifundo.

"Mama, usinisaidie," akasema.

Nikakaa kimya, nikamshikia khanga isimdondoke.