Kutafuta sosi ya Kansas City ukiwa Dar es Salaam

Jumapili, usiku

Aliyesoma Houston akarejea nyumbani na Mmarekani aliyehamia Masaki wana swali moja: sosi ya babekyu ya kweli, ile ya nyama choma ya Kimarekani, inapatikana wapi hapa mjini? Jibu fupi ni supamaketi kubwa, rafu ya bidhaa za nje, jirani na mayonezi. Kuna siku chupa zipo, kuna siku hazipo, na bei yake humfanya mtu aisome mara mbili. Lakini kila nikilifikiria swali hili naona tunatafuta kitu ambacho hakijapotea. Sosi ni nyanya, siki, sukari nyeusi na viungo, na vyote hivyo tunavyo. Kilichoadimika ni moshi. Na kinachowapoteza watu ni majina: resipe ya Kimarekani inasema chumvi, sukari ya kahawia, unga wa pilipili, na kila jina hapo lina maana nyingine dukani kwetu.

Kwanza jiulize unatamani sosi ipi, maana Marekani hakuna sosi moja. Ile nene, tamu, nyekundu inayoelekea weusi, ambayo wengi ndiyo wanayoiona akilini, ni ya Kansas City, na ndiyo iliyosambaa duniani kwa chupa. Mashariki ya North Carolina hawatii nyanya kabisa. Yao ni siki, pilipili na chumvi, nyepesi kama maji. South Carolina wana ya manjano, ya haradali. Kaskazini mwa Alabama wana nyeupe ya mayonezi na siki, iliyoanzishwa na Bob Gibson wa mji wa Decatur mwaka 1925, nayo ni ya kuku. Texas ya kati, kwenye kidari cha ng'ombe, huridhika na chumvi na pilipili manga, sosi ikiwekwa pembeni kwa anayetaka. Memphis wana sifa ya mbavu za viungo vikavu.

Ukishajua hilo, nusu ya safari ya dukani inafutika. Ya North Carolina haihitaji hata moto: siki ya tufaha nusu lita, pilipili kavu iliyopondwa kijiko kimoja cha chakula, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi vijiko viwili vya chai, pilipili manga kijiko kimoja cha chai. Tikisa ndani ya chupa, acha siku mbili. Usiweke siki nyeupe ya bei ndogo. Soma lebo yake: mara nyingi ni asidi ya asetiki iliyozimuliwa kwa maji, na katika sosi ambayo karibu yote ni siki, ukali wake hauna pa kujificha. Kwa nyama ya mbuzi iliyoiva hadi ikachambuka, sijaona inayoishinda sosi hii.

Sasa yale majina. Chumvi ndiyo inayoharibu mapishi mengi kuliko kitu kingine. Wapishi wa Kimarekani hupima kwa vikombe, na chumvi yao ya jikoni ni ya magamba mepesi inayoitwa kosher. Kikombe kimoja cha aina ya Diamond Crystal kina uzito wa gramu 135 hivi. Kikombe hichohicho cha chumvi laini ya mezani kinafika karibu gramu 290. Ukifuata kikombe unatia chumvi mara mbili bila kujua, kisha unailaumu resipe. Nunua mizani ndogo ya kidijitali na upime gramu 15 za chumvi kwa kila kilo ya nyama, iwe chumvi ya aina gani.

Halafu kuna "chili powder", ule unga wa pilipili. Kwa Mmarekani, huo ni mchanganyiko: pilipili nyekundu isiyo kali, binzari nyembamba, oregano (majani makavu ya harufu) na kitunguu saumu. Kwetu, pakiti yenye jina hilo ni pilipili kali tupu iliyosagwa. Vijiko viwili vya chakula ambavyo kule ni harufu tu, hapa vitawatoa wageni mezani. Tengeneza wako: paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) kijiko kimoja cha chakula, binzari nyembamba ya unga kijiko kimoja na nusu cha chai, oregano nusu kijiko cha chai, unga wa kitunguu saumu nusu kijiko cha chai, pilipili kali robo kijiko cha chai. Hiyo inasimama badala ya vijiko viwili vya chakula vya kwao.

Sukari yao ya kahawia nayo ina unyevu na inashikana mkononi kama mchanga wa pwani, kwa sababu imerudishiwa molasi, yaani ule uji mweusi mtamu unaobaki miwa ikitolewa sukari. Sukari yetu ya kahawia ni kavu na inamwagika. Ndiyo maana natumia sukari guru, kwani molasi yake haijatolewa tangu mwanzo. Molasi inayouzwa maduka ya pembejeo ni chakula cha mifugo, iache hukohuko. Kwa walioko Maskati kazi ni nyepesi zaidi, maana dibsi ya tende, yaani maji ya tende yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, inafanya kazi ya molasi vizuri sana, ila angalia usichukue chupa ya jirani yake: dibsi ya komamanga ni chachu, na itaigeuza sosi kuwa kitu kingine.

Sosi ya Kansas City, kiasi cha nusu lita, ninayoiamini ni hii. Nyanya ya kopo gramu 210, yaani vikopo vitatu vidogo vya gramu 70. Maji mililita 250, siki ya tufaha mililita 120, sukari guru iliyokwaruzwa gramu 150. Ukwaju mzito uliochujwa, kijiko kimoja cha chakula. Unga wa kitunguu maji vijiko viwili vya chai, paprika ya moshi vijiko viwili vya chai. Kisha kijiko kimoja cha chai kwa kila kimoja: chumvi, haradali ya unga, unga wa kitunguu saumu, pilipili manga. Pilipili kali robo kijiko cha chai, na karafuu ya unga kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili. Karafuu ikizidi hapo ulimi unakufa ganzi. Ukwaju haukuja hapa kwa uzalendo: sosi ya Worcestershire, ile nyepesi nyeusi ya Kiingereza inayotajwa katika resipe nyingi za kwao, yenyewe ina ukwaju ndani.

Usipikie kwenye sufuria ya aluminiamu isiyo na mipako. Asidi ya nyanya na siki inaila, na sosi inabaki na ladha ya bati ambayo sukari haiifuniki. Tumia ya stili au ya enameli. Mafuta kijiko kimoja cha chakula, kisha nyanya peke yake, moto wa wastani, koroga bila kuacha dakika tatu au nne. Mwanzoni inang'aa wekundu mbichi na kurusha matone. Halafu inatulia, inageuka rangi ya tofali, mafuta yanaanza kujitenga pembeni, na harufu ya kopo inaondoka. Hatua hii wengi huiruka, ndiyo maana sosi yao hunukia supu.

Pembeni, yeyusha sukari guru kwenye yale maji yakiwa ya moto, na uyapitishe kwenye chujio la chai kabla ya kuyamimina. Utashangaa: chini ya chujio maji meusi yanayometa, juu yake vinyuzi vya miwa na chembe za mchanga. Changanya vyote, punguza moto hadi viputo viwe vivivu, dakika 25. Kupima, weka kijiko kimoja kwenye sahani baridi na upitishe kidole katikati. Njia ikibaki wazi, zima. Usingoje iwe nzito sufuriani, kwa kuwa ikipoa inakaza zaidi. Na usiionje kwa hukumu siku hiyohiyo. Siki ya leo ni kali, ya kesho imekaa mahali pake. Kwenye friji inakaa wiki tatu.

Watu huniuliza kwa nini sianzi na tomato sosi ya chupa. Nyingi za bei ndogo zimekazwa kwa wanga, na ukizichemsha na siki zinapata utelezi kama uji. Ukipata ketchup ya kweli yenye nyanya nyingi, sawa, ila punguza sukari, siki na chumvi, kwani vyote vimo tayari.

Viungo vya kupaka vikavu ni rahisi kuliko sosi. Kwa kilo mbili za mbavu: chumvi gramu 30, sukari gramu 30, paprika gramu 20, pilipili manga gramu 8, unga wa vitunguu vyote viwili gramu 6 kila kimoja, binzari nyembamba gramu 4, pilipili kali gramu 1. Kwa mtindo wa Texas, chumvi na pilipili manga iliyosagwa kwa chengachenga, basi.

Hapa ndipo viungo hulaumiwa bure. Nyama ya Kimarekani haikai juu ya mkaa. Inakaa pembeni, imefunikwa, kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi, kwa saa nyingi. Nyama choma yetu iko juu ya mkaa mwekundu, na sukari inapozidi nyuzi 160 inaanza kubadilika, haichelewi kuwa masizi machungu. Basi chagua: sogeza mkaa upande mmoja wa jiko la pipa, nyama upande wa pili, funika, au choma kwa namna yetu na uitoe sukari kabisa kwenye viungo. Sosi nayo ni ya dakika 15 za mwisho. Anayepaka tangu mwanzo anakula mkaa mtamu.

Turudi kwenye moshi. Mesikiti (mesquite) ya Texas, mti wa kuni za moshi ambao Wamarekani huulipia hata ukiwa vipande vya kufungwa kwenye mfuko, una ndugu yake wa damu Kenya: mathenge, ule mti wa miiba uliovamia Baringo, Garissa na Turkana. Yote miwili ni ya jenasi moja, iliyojulikana kwa muda mrefu kama Prosopis. Moshi wake ni mkali, unafaa ng'ombe na mbuzi kwa muda mfupi. Dar, mpera mkavu unatosha, hasa kwa kuku. Mkaratusi na msonobari hapana. Mafuta na utomvu wake huacha uchungu. Kuni ziwe kavu, na moshi ukiwa mweupe mzito ngoja kwanza uwe mwembamba. Ukipata moshi wa chupa, yaani maji yaliyotiwa ladha ya moshi, tia robo kijiko cha chai kwa nusu lita ya sosi. Zaidi ya hapo inakuwa dawa.

Kwa hiyo ndugu akiuliza akuletee nini kutoka Marekani, usitaje sosi. Ni nzito, chupa hupasuka, na kwenye begi la mkononi haivuki mililita 100. Mwambie paprika ya moshi na viungo vikavu, na Mwislamu amkumbushe kusoma lebo, kwa sababu baadhi ya sosi zina whisky ya bourbon ndani na baadhi ya viungo vina ladha ya bekoni. Vikifika, adui ni hewa ya pwani: mchanganyiko wenye sukari unakuwa jiwe ndani ya wiki chache. Weka sukari kando, uichanganye siku ya kupika. Vingine viwe kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, mbali na jiko. Paprika ikigeuka kutoka nyekundu kuwa kahawia, ladha imeshaondoka, mwaga.