Siku ya Mama Sokoni Oaxaca

Mdogo wangu alipooa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, tulisafiri kutoka Lubumbashi watu watano: mama, mke wangu, watoto wetu wawili na mimi. Habari za harusi zitapata nafasi yake. Leo naieleza siku moja tu tuliyozunguka sokoni na makanisani, kwa kuwa ndiyo siku niliyomwona mama akitembea ugenini kama mtu aliyerudi kwao.

Tulianza katika soko la Benito Juárez, lenye jina la rais wa Meksiko aliyezaliwa mwaka 1806 katika kijiji cha Wazapoteki cha jimbo hilohilo. Panzi waliokaangwa kwa kitunguu saumu, chumvi na ndimu walikuwa wamelundikwa vikapuni, wadogo huku na wakubwa kule. Watalii waliotutangulia walipiga picha bila kuonja. Mama alinyoosha kiganja, akatafuna polepole, kisha akasema, "Hawa ni ndugu wa vinkubala," na akaomba afungiwe wa kutosha. Aliyelelewa kwa vinkubala, yaani viwavi vya kukausha, na bukari, ugali wetu wa mahindi, angeshangaa nini?

Kilichomteka hasa ni kinywaji kiitwacho tejate. Mwanamke wa makamo alikuwa ameinama juu ya beseni kubwa la udongo, mkono umezama hadi karibu na kiwiko, akikanda donge la mahindi, kakao, kokwa za tunda la mamey na maua makavu yaliyosagwa pamoja. Aliongeza maji kidogo kidogo, akiyamimina kutoka juu, mpaka povu jeupe zito likapanda na kutanda juu ya beseni. Mama alimwuliza, kwa kinywa cha mdogo wangu, mahindi hayo hulainishwaje. Akajibiwa kwamba huchemshwa na majivu ya kuni. Mama akapiga kofi la furaha, kwani yeye mwenyewe ujanani alilainisha mboga kwa maji ya majivu, kabla hatujazoea soda ya dukani. Wakaendelea kuzungumza habari za majivu, huyu kwa Kihispania, huyu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, hata mkalimani wao akaachwa nyuma.

Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaosonga bukari kila siku. Mahindi asili yake ni Meksiko, na katika pango la Guilá Naquitz, ndani ya jimbo hilo la Oaxaca, yalipatikana magunzi yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Wenyeji huyachemsha na chokaa au majivu, na kwa njia hiyo ganda hulegea na vitamini B3 iliyofungwa ndani ya punje hupata kutumika mwilini. Mahindi yalipovuka bahari, punje zilisafiri lakini maarifa hayo yakabaki nyuma, na maskini wa kaskazini mwa Italia na wa kusini mwa Marekani, waliokula karibu mahindi matupu, wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Naumia kwamba nilikula bukari miaka yote hiyo bila kumfikiria hata mara moja mkulima wa kwanza wa mahindi.

Mchana tuliingia Santo Domingo, kanisa la Wadominiko ambalo katika karne ya 19 wanajeshi walilifanya kambi. Ukishapita mlango, inua macho: chini ya roshani ya waimbaji umechorwa kwa plasta na dhahabu mti wa ukoo wa Mtakatifu Dominiko, matawi yamejipinda katikati ya majani na zabibu, na kila tawi limebeba mtu. Watoto walilala chali kwenye benchi kuwahesabu, wakapotea hesabu mara tatu. Mimi niliyezoea matofali ya kanisa kuu letu la Watakatifu Petro na Paulo nilielemewa na dhahabu ile, ila mti wa ukoo niliuelewa mara moja.

Mwisho tulifika kanisa la Soledad, kwa Bikira msimamizi wa Oaxaca, aliyevikwa joho jeusi la mahameli. Mama alisali rozari yake hapo, nasi tukamsubiri nje uwanjani tukila barafu tamu.

Tejate tulinywea katika nusu ya kibuyu iliyopakwa rangi nyekundu na kuchorwa maua. Mama alinunua moja kama hiyo, akaibeba mkononi safari nzima, na sasa iko jikoni kwake, ndani ya mfuko wa unga, ndiyo anayopimia bukari.