Wasiwasi wa biashara nimeupangia saa yake

Mwenye biashara akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, hakosi mtu wa kumwambia "usiwaze sana". Nimeambiwa hivyo na watu wanaonipenda, na pia na watu ambao hawajawahi kumlipa mtu mshahara. Ushauri huu haufanyi kazi na sababu inajulikana. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe. Dubu hakuondoka vichwani mwao, na baadaye walipopewa ruhusa ya kumfikiria aliwajia kwa wingi kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Mahali pa dubu weka deni linaloiva mwisho wa mwezi, utaona kwa nini "usiwaze" inaongeza mawazo badala ya kuyapunguza.

Mimi siukatazi wasiwasi, nimeupa miadi. Saa kumi na moja jioni, dakika 20, kiti kisicho cha starehe, daftari na kalamu. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba hata kuihesabu ni aibu. Mbinu yenyewe si yangu: mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliieleza mwaka 1983, wao wakitumia nusu saa kila siku, mahali palepale, wakati uleule. Nimepunguza kwa sababu baada ya dakika 20 huwa narudia yaleyale kwa maneno mengine.

Kazi kubwa inafanyika kabla ya saa hiyo kufika. Mchana wasiwasi ukinijia, nauandika kwenye kipande cha karatasi kilicho mezani kwa maneno yasiyozidi matano: "mzigo bado haujafika", "mteja mkubwa kimya", "fundi anataka kuacha kazi". Kisha narudi nilipokuwa. Hayo maneno matano ndiyo siri. Ukiandika sentensi tatu za kueleza, tayari umeshaanza kuwaza, na miadi imevunjika. Usiandike kwenye simu hata kama ina programu nzuri ya kuandikia, kwa sababu kabla hujaifikia programu hiyo utakuwa umeshaona ujumbe wa mtu anayelalamika, na badala ya wasiwasi mmoja unao miwili.

Jioni nachukua kile kipande na kupitia jambo moja moja. Swali la kwanza: hili bado linaniuma? Hapo mengi yanakufa yenyewe, maana mzigo umefika saa nane au mteja kapiga simu mwenyewe. Nayafuta kwa mstari mnene, na sifichi kwamba mstari huo una raha yake. Yaliyobaki nayaulizia kama kuna kitu ninachoweza kufanya. Kikiwepo, naandika hatua ya kwanza pamoja na siku na saa.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika "kumfuatilia mteja". Hiyo si hatua, ni wasiwasi uleule uliovaa nguo za kazi. Tazama ninavyoandika mimi: "Jumanne saa tatu asubuhi nimpigie, niulize kama ankara imemfikia mhasibu wake na italipwa tarehe ngapi. Asipopokea, ujumbe mmoja tu. Alhamisi namtafuta mhasibu mwenyewe." Watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huingilia kazi nyingine, lakini mtu akishaandika mpango mahususi wa kulimaliza, usumbufu huo unapungua hata kabla hajafanya lolote. Kichwa kinachotaka ni kujua lini na vipi, na kikishajua kinaachia.

Kuna yale yasiyo na la kufanya, kama vile mshindani aliyeshusha bei, sarafu inayoyumba, au tetesi za sheria mpya. Haya nayatungia kengele. Naandika ni dalili gani ikionekana nitachukua hatua, na hatua yenyewe. Kwa mfano: "Mauzo ya bidhaa hii yakishuka kwa zaidi ya robo wiki tatu mfululizo, napunguza agizo linalofuata kwa nusu." Kengele isipolia, sina ruhusa ya kulijadili jambo hilo tena. Kati ya vyote ninavyofanya, hiki ndicho ninachojivunia, kwa sababu kinaondoa ile hali ya kukaa unachungulia kitu kila saa bila kujua unatafuta nini.

Makosa ya kuepuka: usiiweke saa hii usiku karibu na kulala, maana utakwenda nayo kitandani. Usiifanyie kitandani wala kwenye kiti unachofanyia kazi. Dakika 20 zikiisha, simama hata kama orodha haijaisha, lililobaki litasubiri kesho. Na usiiruke siku ambazo mambo ni shwari, kwa kuwa kichwa kikijua miadi haitegemewi, kinarudi kukusumbua saa nne asubuhi katikati ya kazi.

Sasa pesa, maana nusu ya wasiwasi wa mfanyabiashara ni tarakimu asiyoijua. Nina jedwali la wiki 13, yaani karibu miezi mitatu. Juu kabisa ni fedha taslimu za mwanzo wa wiki, chini yake zitakazoingia, kisha zitakazotoka: mishahara, pango, kodi, marejesho ya mkopo, wauzaji wa jumla. Mstari wa mwisho ni salio linalohamia wiki inayofuata. Pesa inaingia kwenye wiki ambayo itafika mkononi, si wiki uliyotoa ankara. Mteja anayelipa baada ya siku 45 awekwe kwenye siku 45, hata kama mkataba unasema 30.

Kisha natengeneza nakala ya pili ambayo malipo yote makubwa yanayoingia nimeyasogeza mbele wiki mbili. Nakala hii ndiyo ninayoiamini. Ikionyesha kwamba wiki ya 7 salio ni hasi, sijafilisika, nina wiki sita za kuzungumza na muuzaji, kuomba malipo ya awali au kuahirisha ununuzi. Wanaokosea hapa kwa kawaida wamesahau malipo yanayokuja mara moja kwa mwaka, kama bima na leseni, au wamehesabu kodi waliyokusanya kwa wateja kana kwamba ni yao. Jedwali nalisahihisha kila Jumatatu, nusu saa. Akaunti ya benki naifungua mara moja kwa siku, na ukiifungua mara kumi hutakuta salio tofauti.

Kuhusu umakini sina mengi. Ile mbinu ya dakika 25 za kazi na 5 za mapumziko, aliyoibuni Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, inafaa kwa kazi unayoikwepa. Kwa kupanga bei au kusoma mkataba naona ni fupi mno, natumia dakika 50. Muhimu zaidi ni unavyoondoka kwenye kazi. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili inabaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama hukuimaliza. Kwa hiyo mtu akinigongea mlango, namwomba nusu dakika, naandika mstari mmoja: "Nimefika gharama za usafirishaji, kinachofuata ni kulinganisha na za mwaka jana." Ukirudi huna haja ya kukaa unajiuliza ulikuwa wapi.

Simu inakaa chumba kingine, arifa zimezimwa, isipokuwa namba moja ya msimamizi inayoruhusiwa kulia. Ujumbe najibu saa tano na saa tisa. Wateja hawakasiriki kwa kusubiri bali kwa kutojua watasubiri hadi lini, kwa hiyo jibu la kujiendesha linawaambia saa. Likisema tu "tutakujibu mapema iwezekanavyo", wanapiga tena.

Ushauri mwingine ulionichosha ni wa kuamka saa kumi alfajiri kwa sababu eti matajiri huamka hivyo. Aliyelala saa sita usiku akaamka saa kumi amelala kwa muda wa saa nne tu, na mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Asiyelala vya kutosha huwa mwepesi wa hofu, na uamuzi wa bei aliofanya akiwa hivyo ndio utakaomnyima usingizi kesho. Ukitaka alfajiri, ilipe kwa kulala mapema. Kinachonisaidia kulala ni dakika 5 za kuandika kazi za kesho kwa undani. Utafiti wa Michael Scullin na wenzake uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta walioandika ya kesho walipata usingizi dakika 9 hivi mapema kuliko walioandika waliyokwisha kufanya.

Na kahawa jamani. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya takriban saa tano, ingawa watu hutofautiana. Kikombe cha saa tisa alasiri kina nusu yake saa mbili usiku na robo saa saba usiku. Mikono ikitetemeka na moyo ukidunda, akili inatafuta sababu, na kwa mfanyabiashara sababu hazikosekani. Kabla hujaamini kwamba biashara inaanguka, hesabu vikombe. Usiache ghafla, utaumwa kichwa. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku kadhaa, ukianza na cha mwisho cha siku.

Kwa dakika zile za kabla ya kikao kigumu: vuta pumzi kwa pua, juu yake ongeza nyingine fupi, kisha toa yote kwa mdomo polepole hadi iishe. Rudia kwa dakika tano. Watu huambiwa "vuta pumzi ndefu" wakavuta kwa nguvu na kwa haraka, hewa ya kaboni dayoksaidi ikapungua kwenye damu, kizunguzungu kikawapata, vidole na midomo vikafa ganzi, wakadhani ndio wanakufa. Urefu uwe kwenye kutoa, siyo kwenye kuvuta.

Yote haya ni kwa wasiwasi wa kawaida wa kazi. Kuna dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7, maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 21. Ukifika 10 au zaidi, nenda kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na usingoje ufike huko kama umeshindwa kula, kulala au kufanya kazi. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua usiyaite wasiwasi wewe mwenyewe, nenda ukapimwe mara moja. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta mapigo ya haraka, jasho na kutetemeka, na kipimo cha damu kinaigundua. Ukienda, beba karatasi yenye dawa unazotumia, vikombe vya kahawa kwa siku na saa unazolala, kwa sababu daktari atauliza na wewe utakuwa umeshasahau.