Kakao ambayo haikuanuliwa

Jumamosi iliyopita binti yangu aliingia stoo kutafuta kalamu yake, akatoka mbio ameziba pua. "Baba, nani amemwaga siki?"

Hakuna aliyemwaga siki. Ni gunia la kakao aliloniachia yule dereva wa Bundibugyo, wilaya ya magharibi mwa Uganda mpakani na Kongo, anayelala kwetu akija Kampala, nayo ilifungwa kabla haijakauka sawasawa. Nikafungua mdomo wa gunia, nikaingiza mkono hadi kiwikoni, na ule ukali ulipopanda puani nikakaa chini palepale kwenye simenti. Binti akanisimamia mlangoni akidhani naumwa.

Safari ya kaka nimeigusia mara nyingi. Siku ya Ntandi, kijiji cha huko Bundibugyo, sijaisimulia, hata kwake mwenyewe.

Ilikuwa Agosti 2008. Kaka alikuwa ameendesha pale Busia miaka 11, akivusha watu kutoka kizuizi cha Kenya hadi kizuizi cha Uganda, enzi ambazo ukisema boda boda kila mtu anajua ni baiskeli. Jina lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka wetu huo. Pikipiki zilipojaa, abiria wake wakahama mmoja mmoja, hata wale mama wa dagaa aliowabeba tangu hawajaolewa. Hakulalamika. Usiku mmoja tukila akaniambia, "Mdogo wangu, nataka safari moja ambayo karia haina mtu." Alitaka kutoka mpaka hadi mpaka, lakini mara hii kwa kuikata Uganda nzima: Busia mashariki, hadi mto Lamia magharibi, ng'ambo yake Kongo. Kilomita kama 600.

Alikwenda na baiskeli yake ileile ya blakmamba, breki za vyuma, na nyuma ule mto wa abiria wa rekisini nyekundu wenye nyuzi za kuning'inia pembeni. Nilimwambia aung'oe apunguze uzito. Akakataa. Mimi niliazima baiskeli yenye gia, na bado alikuwa akinisubiri kwenye kila mlima.

Njia siielezi yote. Jinja tulivuka Nile juu ya bwawa. Ndani ya msitu wa Mabira malori yalitusukuma hadi majanini. Mubende ni kupanda na kushuka mpaka magoti yanalia. Siku ya saba tukalala Fort Portal, na asubuhi yake, tulipoelekea Bundibugyo, lami ikatuaga.

Wanaopita huko sasa kwa gari juu ya lami hawawezi kujua ilivyokuwa. Baada ya Karugutu barabara ya murram ilizunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, ikapanda Buranga, kisha ghafla mlima ukakuachia. Chini kabisa tuliliona bonde la Semliki, mto wenyewe ukijikunja kama utumbo, na upande wa kushoto msitu. Msitu ule hauko kama misitu yetu mingine. Ni mkono wa msitu wa Ituri wa Kongo ulionyooshwa ukavuka mpaka: joto la bondeni, miti ya kimo cha minara, hondohondo wakipita juu kwa mabawa yanayovuma kama mtu anapepeta mchele. Tulishuka tukivuta breki mpaka raba zikanuka, pengine tukashuka kwa miguu tukizivuta baiskeli kwa nyuma kama mbuzi wabishi.

Kaka alikuwa kimya tangu Karugutu. Nikajua ni uchovu. Sempaya, kwenye chemchemi za moto, ambako maji yanabubujika yakitoa moshi na ukitia yai linaiva, nilimwona amesimama ndani ya mvuke ule amejikumbatia, anatetemeka. Nikamgusa shingo. Alikuwa akiwaka.

"Tusonge tu," akasema. "Mbele kuna watu."

Hapo lazima niwakumbushe jambo. Mwishoni mwa 2007 Ebola ilikuwa imeingia Bundibugyo, aina ambayo haikuwa imewahi kuonekana popote duniani, hata ikapewa jina la wilaya hiyo. Watu zaidi ya 30 walikufa, wahudumu wa afya wakiwemo. Mlipuko ulitangazwa kwisha Februari 2008. Sisi tunapita ilikuwa miezi sita tu baadaye. Fort Portal mwenye gesti alikuwa ametusalimu kwa kuinua mkono hewani, hakutupa kiganja, na alipojua tunakoelekea alituangalia kwa muda kabla hajatupa ufunguo.

Tulipita Ntandi. Pande zote za barabara mashamba ya kakao yalianza, miti mifupi yenye kivuli kizito, maganda ya manjano yakiwa yameota kwenye mashina yenyewe kana kwamba mtu ameyabandika. Mbele ya kila nyumba kuna turubai, na juu yake punje zimeanikwa. Kakao huvundikwa kwanza chini ya majani ya migomba siku tano, sita, ndipo ianikwe. Ndiyo maana kijiji kizima kinanuka siki. Ikishaanikwa inataka jua la wiki nzima, na ikinyeshewa inaota ukungu, mnunuzi anakata bei au anaikataa.

Mvua ilikuja kutoka mlimani. Tuliisikia kabla ya kuiona, ikitembea juu ya majani. Nyumba zote zikalipuka kwa kelele, watoto wanakimbia, mama wanaitana, kila familia inashika pembe za turubai lake kuanua. Mbele yangu kaka aliacha kupiga pedali. Baiskeli ikaenda yenyewe kidogo, ikayumba, kisha ikamlaza mtaroni taratibu, kama ilivyokuwa ikimlaza abiria mlevi. Nilipomfikia alikuwa ameinama anatapika ndani ya maji ya mvua.

Mkabala nasi palikuwa na mama na watoto wanne. Wameshika turubai, kila mmoja na pembe yake, mtoto mdogo anashikilia katikati kwa chini, punje zote zimeshakusanyika ndani kama mfuko. Zilibaki hatua kumi waingie ndani. Mama yule akatuona. Akasimama, na watoto wakasimama.

Akapaza sauti kwa Kiswahili cha upande ule, chenye Kongo ndani yake: "Munatoka wapi?"

"Busia, mama!"

"Iko na moto?"

"Ndiyo, mama."

Mvua ikaongezeka. Maji yalianza kujaa ndani ya turubai lao, nikayaona yanageuka rangi ya chai. Kisha akauliza swali moja tu.

"Anatapika damu?"

Nikajibu, "Hapana, mama."

Sikuwa nimeangalia. Ndilo jambo ambalo sijalisema miaka yote hii. Maji ya mtaroni yalikuwa mekundu kwa udongo, alichotapika kilikuwa kimeshachukuliwa na mvua, na mimi sikuinama, sikumtazama mdomo, sikuuliza. Nilijua jibu gani litatuacha barabarani, nikatoa lile lingine. Na lilitoka haraka, bila kukwama, kama vile nina hakika.

Aliniangalia usoni. Sijui ni kwa muda gani, naona hata sasa jinsi maji yalivyokuwa yakimchuruzika kwenye nyusi naye hapepesi. Kisha akaachia pembe yake. Punje zikamwagika zote kwenye tope, kwa sauti nzito, na mtoto mmoja akapiga kelele, "Mama!" Hakumjibu. Alilikung'uta turubai mara moja, akalivuta hadi mtaroni, akamshika kaka kwapani kwa mikono yake mitupu. "Mumuweke humu." Tukambeba ndani ya lile turubai, mimi, mama, na vijana wake wawili, kila mmoja na pembe yake. Kichwa cha kaka kilikuwa karibu na mkono wangu, shavuni kumemgandia punje mbili za kakao.

Ndani ya jiko lake alimvua shati, akamfunika kitenge, akamnywesha maji yenye sukari na chumvi kwa kijiko. Watoto walikaa wamebanana upande wa pili wa moto wakitutazama. Yule mdogo alisogea akamgusa kaka unyayo, mama akamwona, akanyamaza.

Mvua ilipokatika, kijana wake mkubwa akatoa baiskeli ya kaka mtaroni. Tulimketisha kaka nyuma, kwenye ule mto mwekundu, nikamfunga kwa kitenge kiunoni nisije nikampoteza, kijana akashika usukani, mimi nikasukuma huku nimemkumbatia. Hivyo ndivyo tulivyofika kituo cha afya. Wakamtoboa kidole, tukangoja, daktari akatoka akasema malaria, kali. Wakamtundikia dripu ya kwinini. Niliposikia neno malaria miguu iliniishia, nikashika ukuta.

Ikawa siku nne. Ya tano kaka akatembea, ya sita akang'ang'ania twende, tukaifikia Lamia polepole. Akaingiza gurudumu la mbele majini, akatazama Kongo, akasema "Basi." Tukarudi.

Tulipita kwa mama yule na sabuni, na kilo mbili za sukari. Hakuwepo, alikuwa sokoni. Punje zilizookotwa topeni zilikuwa juu ya turubai lilelile, zimeota ukungu mweupe, na mtoto mdogo alikuwa akizigeuza kwa kijiti kama alivyoagizwa. Kaka akampa zile sabuni na sukari, akamshika kichwa. Akanigeukia: "Huyu mama hakuogopa kabisa?"

Nikasema hakuogopa. Nikapanda baiskeli.

Kaka yuko Busia, ana duka la spea, mto ule mwekundu ameutundika ukutani. Mara mbili nimepata nafasi ya kwenda Ntandi, na mara zote mbili nikatafuta udhuru. Nikifika nitaanza na lipi? Kwamba malaria ndiyo iliyofanya neno langu liwe kweli, na kwamba mimi nilipolisema sikujua? Watoto wanne walikuwa wamekaa ng'ambo ya moto ule.

Jumamosi hiyo nilitandika turubai uani, nikamwaga kakao yote ya dereva, tukaisambaza na binti yangu kwa viganja. Alizoea harufu upesi, akaanza kuchagua punje zilizoshikana. Alasiri wingu likakusanyika upande wa ziwa.

"Baba, tuanue?"

Nikamwambia ashike pembe ile.