Mia ya Musk siitaki: kampeni ya 2024 kwa macho ya mwenye bastola

Naandika haya mwishoni mwa Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Kwenye ghala ninakofanya kazi zamu ya usiku, pale Carlisle, Pennsylvania, habari ya mjini ni dola 100. Elon Musk, kupitia kamati yake ya kisiasa ya America PAC, anamlipa kila mpiga kura aliyejiandikisha Pennsylvania atakayetia saini waraka wa kuunga mkono Marekebisho ya Kwanza na ya Pili ya Katiba, yaani uhuru wa kusema na haki ya kumiliki silaha. Juu ya hiyo mia, kila siku mtu mmoja kati ya waliosaini anapewa dola milioni 1. Hundi ya kwanza ilitolewa hapa hapa Harrisburg tarehe 19 Oktoba. Jumatatu, tarehe 28 Oktoba, mwendesha mashtaka wa Philadelphia, Larry Krasner, alikwenda mahakamani akidai kwamba hiyo ni bahati nasibu iliyo kinyume cha sheria.

Wenzangu wanajua ninamiliki bastola na wanajua nilivyo mkali mtu akigusa Marekebisho ya Pili, kwa hiyo wanashangaa kwamba sijasaini. Sisaini. Waraka wenyewe sina ugomvi nao, nakubaliana na kila neno lililomo. Lakini haki iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1791 haina sababu ya kuchezeshwa droo siku chache kabla ya uchaguzi. Siku tutakapozoea kulipwa ili tuitetee, atatokea mwingine mwenye hela zaidi atulipe tuiache.

Kwa wasionifahamu: nimezaliwa Songea, ni raia wa Marekani, nina mke na watoto wawili. Bastola yangu ya kwanza niliinunua nikiwa bado na kadi ya kijani, maana sheria ya shirikisho inamruhusu mkazi wa kudumu kununua silaha. Wengi wa watu wetu hawajui hilo hata baada ya kukaa hapa miaka mingi. Unakaa kaunta, unajaza Fomu 4473 kwa mkono wako. Je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa? Unatumia bangi? (Hata kama jimbo lako linairuhusu kwa matibabu, serikali ya shirikisho haitambui ruhusa hiyo. Na Hunter Biden, mtoto wa Rais Joe Biden, alitiwa hatiani Juni 2024 kule Delaware kwa kudanganya kwenye swali la dawa za kulevya.) Asiye raia anaandika na namba yake ya uhamiaji. Kisha muuzaji anauliza kwenye mfumo wa polisi wa jimbo, unasubiri jibu. Leseni ya kutembea na bastola iliyofichwa nikaichukua kwa sherifu wa kaunti: dola 20, inadumu miaka 5. Hakuna aliyenitaka nimthibitishie kwamba mtu kama mimi ana sababu maalumu ya kubeba bastola.

Hilo la kutotakiwa kuthibitisha sababu maalumu ndilo linalonifanya niandike. Dada yangu aliyeko nyumbani akipiga simu huniambia, "Kaka, bunduki si ndizo zinazoua watoto huko kwenu?" Nami humjibu kwamba ni kweli, zinaua. Mwezi Septemba watu wanne waliuawa katika shule ya Apalachee, Georgia, na binti yangu mwenyewe anafanya mazoezi ya kujifungia darasani na kunyamaza kimya. Sitaki mtu yeyote anione kama sijali. Silaha zangu ziko kwenye sefu na mwenye namba ni mimi na mke wangu tu. Nilifurahi pia wazazi wa yule kijana aliyeua wanafunzi wenzake shuleni Oxford, Michigan, walipohukumiwa mwaka huu, kwa sababu anayemwachia mtoto silaha anastahili kujibu. Lakini dada, humwambia hivi pia, swali la nani aruhusiwe kujilinda limeamuliwa mara nyingi na mtu aliyekaa ofisini, na mara nyingi ofisa huyo hakutaka kuona bastola kwa mtu mweusi. Mwaka 1956, nyumba ya Martin Luther King ilipolipuliwa kwa bomu kule Montgomery, aliomba kibali cha kubeba silaha. Alinyimwa. Huyo alikuwa mchungaji, ana mke na mtoto mchanga ndani ya nyumba iliyopigwa bomu, na bado ofisa akaona hastahili.

Kwa hiyo nikiwasikiliza wagombea, picha zao na silaha hazinigusi. Zimekuwa nyingi mno mwaka huu. Kamala Harris, mgombea wa Democratic, alisema kwenye mdahalo wa Philadelphia kwamba yeye na mgombea mwenza wake, Tim Walz, wote wanamiliki bunduki na hawatamnyang'anya mtu. Siku chache baadaye akamwambia Oprah kwamba atakayevunja nyumba yake atapigwa risasi. Oktoba akaitaja kabisa kwamba ni Glock. Walz naye akaenda kuwinda ndege karibu na Sleepy Eye, Minnesota, kamera zikimfuata shambani. Ninaamini kwamba Harris ana Glock. Ninaamini pia kwamba Walz ni mwindaji, kwani akiwa mbunge NRA, chama kikubwa cha watetezi wa bunduki, ilikuwa ikimpa alama ya A kabla hajabadilika. Kinachonisumbua ni kwamba Marekebisho ya Pili hayasemi lolote kuhusu ndege wala kulungu, na Glock ya mwanasheria mkuu wa zamani wa California haijawahi kuwa hatarini.

Ninatazama alichofanya alipokuwa na madaraka. Mwaka 2005, akiwa mwendesha mashtaka wa San Francisco, aliunga mkono hoja ya kupiga marufuku wakazi wa mji ule kumiliki bastola. Wapiga kura waliipitisha, mahakama ikaifuta. Mwaka 2008, kesi ya Heller ilipofika Mahakama ya Juu, alikuwa miongoni mwa waendesha mashtaka waliotia saini maoni ya kuitetea sheria ya Washington, D.C. Sheria ile ilikataza bastola, na bunduki uliyoruhusiwa kuwa nayo ndani ilitakiwa ikae bila risasi na imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli kwenye kifyatulio. Mwizi akivunja mlango saa nane usiku, uanze kuunganisha vipande. Mwaka 2019 alitaka bunduki zinazoitwa za kivita zirudishwe serikalini kwa lazima, kwa malipo. Sasa kampeni yake inasema msimamo huo wa lazima ameuacha. Ameuacha kwa sababu gani, hajaeleza kwa namna iliyoniridhisha, nami nimemsikiliza kwa nia njema.

Wenzangu wa upande wangu watakuwa wanapiga makofi hapa. Subirini.

Mwezi Februari Donald Trump alikuja Harrisburg, kwenye maonyesho makubwa ya uwindaji na silaha yanayofanyika Farm Show, akaiambia NRA kwamba katika miaka yake minne alibanwa sana kuhusu bunduki na hakufanya lolote, hakuyumba. Ukumbi ukashangilia. Lakini mwaka 2018, baada ya mauaji ya shuleni Parkland, Florida, alikaa na wabunge Ikulu mbele ya kamera akasema silaha zichukuliwe kwanza, taratibu za kisheria zifuate baadaye. Kama Obama angetamka maneno hayo, tungekuwa tunayakariri mpaka leo. Na mwaka huo huo serikali yake ikapiga marufuku vile vitako vinavyotumia msukumo wa bunduki kufyatua risasi mfululizo, vilivyotumika kwenye mauaji ya Las Vegas. Bunge halikutunga sheria yoyote. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ileile iliyokuwa imeviruhusu mwaka 2010, ikabadilisha tafsiri yake, na waliovinunua kihalali wakaambiwa wavivunje au wavisalimishe kabla ya mwisho wa Machi 2019, la sivyo ni wahalifu.

Mimi vitako vile sivipendi, kwenye uwanja wa shabaha vinamaliza risasi bila kupiga kitu. Ila fikiria namna ilivyofanyika. Aliyepinga si mwanasiasa. Ni Michael Cargill, mtu mweusi, askari wa zamani, mwenye duka la bunduki Austin, Texas. Alisalimisha vyake viwili kama alivyoamriwa, kisha akaishitaki serikali. Serikali ya Trump ikapingana naye, ya Biden ikaja ikaendeleza kesi ileile, na tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ya Juu ikampa ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Kwangu huyo ndiye mtu wa maana kuliko wote waliopanda jukwaani mwaka huu, na sijamsikia akitajwa kwenye mkutano hata mmoja.

Biden naye alirudia mchezo uleule. Januari 2023, ATF ilitoa kanuni kuhusu vile vishikio vya nyuma ya bastola, ambavyo mtu huvifunga kwa mkanda kwenye mkono, chini ya kiwiko, ili aweze kulenga kwa mkono mmoja. Vilibuniwa kwa ajili ya askari mstaafu mlemavu. Kwenye uwanja ninakofanyia mazoezi kuna mzee mmoja wa Vietnam ambaye mkono wa kushoto haukunji vidole, na bila kishikio hicho hawezi kushika silaha yake ikatulia. Kanuni ikasema kitu kilekile alichonunua dukani kwa risiti sasa ni bunduki fupi ya kusajiliwa chini ya sheria ya 1934, na asipoisajili wala kuiondoa kishikio anaweza kufungwa hadi miaka 10. Yule mzee alikuwa akiuliza kila anayemwona, "Wewe umesoma, hii wanamaanisha mimi?" Jaji wa Texas aliifuta kanuni hiyo Juni 2024. Mzee alikuwa ameshaishi mwaka mzima na zaidi bila kujua kama ni mhalifu.

Kazi ya rais kwenye suala la bunduki ndiyo hiyo hasa: nani anawekwa kuongoza ATF, kanuni gani zinaandikwa bila Bunge, na majaji gani wanapelekwa Mahakama ya Juu. Kwenye majaji, rekodi ya Trump haina mfano wake. Gorsuch, Kavanaugh na Barrett, majaji watatu aliowateua, wote walikuwa upande wa walio wengi kwenye hukumu ya kesi ya Bruen mwaka 2022, iliyovunja utaratibu wa New York ambapo ulitakiwa umthibitishie ofisa kwamba una sababu maalumu ya kubeba silaha. Ule ulikuwa utaratibu wa aina ileile uliomnyima King. Mfanyakazi wa ghala anayetoka kazini alfajiri hana sababu maalumu mbele ya ofisa wa namna hiyo. Ana maisha yake tu. Mwaka huu wa 2024 Jaji Thomas aliyeandika hukumu ile ana miaka 76, Jaji Alito ana 74, Jaji Sotomayor ana 70. Rais ajaye anaweza kuamua mkondo wa haki hii kwa kizazi kizima.

Kwa sababu hiyo kura yangu ya urais inakwenda kwa Trump, na sisemi hivyo kwa furaha. Alichosema kuhusu Wahaiti wa Springfield, Ohio, kwamba wanakula mbwa na paka wa majirani, ni uongo, na baada ya hapo shule za mji ule zilipata vitisho vya mabomu. Mhaiti mwenye kadi ya kijani pale Springfield ana haki ileile niliyokuwa nayo mimi siku nilipojaza fomu yangu, na chama cha Republican, kinachojiita cha Marekebisho ya Pili, kingepaswa kuwa cha kwanza kumwambia hivyo.

Kuna jina jingine ambalo sijamsikia mgombea yeyote akilitamka. Philando Castile alikuwa mfanyakazi wa jikoni kwenye shule ya St. Paul, Minnesota, mwenye leseni ya kubeba bastola. Tarehe 6 Julai 2016 polisi walisimamisha gari lake Falcon Heights. Akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Akapigwa risasi akiwa amekaa kwenye kiti chake, mchumba wake pembeni, mtoto wa miaka 4 kiti cha nyuma. Askari aliachiwa huru mwaka uliofuata. Mwaka 2016 nao ulikuwa wa uchaguzi. NRA ilitoa tamko fupi ambalo halikumtaja jina.

Mimi hupita I-81 usiku, leseni mfukoni, bastola kiunoni. Taa za polisi zikiwaka nyuma yangu, huweka mikono yote miwili juu ya usukani na kufungua dirisha mapema. Kama haki hii inakoma pale askari anapofika dirishani kwa mtu mwenye rangi yangu, basi wanaoipigia makofi ukumbini hawajaanza kuitetea. Trump anataka kuwapa polisi kinga zaidi dhidi ya mashtaka. Harris na Walz wanazungumzia bunduki za kivita. Mwenye leseni aliyeuawa kwa kutii sheria hana msemaji upande wowote, na hilo nitaendelea kuwauliza walioomba kura yangu, hata huyo ninayempa.

Kwa ndugu zangu wa Pennsylvania ambao hawajapiga kura: Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, msiishie kwenye mstari wa rais. Majaji na mkuu wa ATF hupitishwa na Seneti, na kiti chetu mwaka huu wa 2024 kinagombewa na Seneta Bob Casey wa Democratic na David McCormick wa Republican. Casey alikuwa upande wetu hadi mauaji ya shuleni Newtown, Connecticut, mwaka 2012, akabadilika, na hajaficha kubadilika kwake. McCormick anapinga marufuku ya bunduki za nusu-otomatiki. Someni rekodi zao wenyewe, na vituo vinafungwa saa 2 usiku. Ukiwa umeshapanga foleni kabla ya saa hiyo usikubali kuondolewa.