Nyuzi mpya leo

Leo nimeibadilishia nyuzi mandolini yangu kuukuu (ala kama gitaa dogo), ile ya mgongo wa mviringo. Za zamani zilishashika kutu, kila nikipiga vidole vinanuka chuma.

Nyuzi nane, jozi nne, kila jozi noti yake: G, D, A, E, kama fidla. Nabadilisha jozi moja moja, maana daraja lake, kile kipande kinachoinua nyuzi, halijagundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Ukizilegeza zote kwa pamoja linaweza kuhama, na hapo sauti hazikai sawa mpaka ulirudishe mahali pake.

(Gitaa la kawaida halina usumbufu huu, najua, msinianze.)

Ikafika jozi ya A.

Uzi mmoja uko sawa, mwenzake bado kidogo tu. Ukizipiga pamoja sauti inayumba: wau, wau, wau.

Nakaza kigingi taratibu…
kuyumba kunapungua kasi,
kunapungua,
mara kumetoweka. Nyuzi mbili, sauti moja.

Nikalegeza tena makusudi ili nisikie upya 😄

Nyuzi mpya huvutika, kwa hiyo kesho ni kukaza zote tena.

Wapigaji wa udi, banjo, fidla: nyie huanza na uzi upi?